Ndege ya Sadaka na Bodaboda ya Sikuda

Mgonjwa wa Sikuda hupanda bodaboda kabla ya kupanda chombo kingine chochote. Awe mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, awe mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, awe kijana aliyefukiwa na udongo katika shimo la dhahabu huko Tiira, safari yake huanza juu ya pikipiki, amebanwa kati ya dereva na ndugu anayemshikilia asidondoke. Akibahatika, atamkuta mkunga au mganga wa zamu kwenye kituo cha afya. Yakiwashinda hapo, ataandikiwa barua ya rufaa aende Busia mjini, au Masafu, au Tororo, na kutoka huko pengine Mbale. Kila hatua ina gari lake, na kila gari lina swali lake la kwanza: nani ataweka mafuta?

Tarafa ya Sikuda iko kaskazini mwa mji wa Busia upande wa Uganda, imeegemea mpaka wa Kenya, jirani na Busitema na si mbali na Tororo. Kwa mtu wa huku, ndege ya wagonjwa ni jambo la kusikia redioni, la watalii na waheshimiwa. Akiiona angani hajui kama imebeba mgonjwa au maua ya kuuzwa Ulaya. Hata hivyo leo nataka kuandika juu ya ndege hizo, hasa zile zinazoruka kwa pesa za sadaka, kwa sababu naona tumekuwa tukiwashukuru vibaya watu wanaozirusha. Tunawapigia makofi, kisha tunarudi nyumbani kana kwamba kazi yao haituhusu.

Historia yenyewe ilianzia karibu na sisi. Mwaka 1956, chini ya Mlima Kilimanjaro, madaktari watatu wa upasuaji walizungumza juu ya jambo lililowakera wote. Michael Wood alikuwa Mwingereza aliyekuwa akipasua wagonjwa Kenya. Archibald McIndoe alikuwa mzaliwa wa New Zealand, maarufu kwa kutengeneza upya nyuso za marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili. Tom Rees alitoka Marekani. Wote watatu waliona kwamba mabingwa walikuwa wamejazana mijini, ilhali walioungua, waliovunjika na waliozaliwa na midomo iliyopasuka walikuwa vijijini, siku kadhaa za barabara mbovu kutoka hapo. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya Flying Doctors of East Africa, ambayo ndiyo mbegu ya shirika tunalolijua leo kwa jina la Amref.

Wengi wamesahau kwamba kazi kubwa ya ndege zile za mwanzo ilikuwa kumpeleka daktari. Bingwa alishuka kwenye hospitali ya misheni, akapasua waliokuwa wakimsubiri, akamwonyesha daktari au mganga wa pale namna ya kufanya, kisha akaondoka. Miaka ya 1960 likaongezeka jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa na thamani kuliko ndege zenyewe: mtandao wa redio za masafa marefu, ulioziunganisha hospitali na zahanati za mbali na chumba kimoja cha mawasiliano kwenye Uwanja wa Wilson, Nairobi. Mtawa aliyekuwa peke yake na mgonjwa anayetapatapa aliweza kuuliza, akajibiwa na daktari, na mara nyingi ndege haikuhitajika tena. Ushauri ulitosha.

Wood alifariki mwaka 1987, baada ya kupewa na Malkia wa Uingereza heshima ya kuitwa Sir. Shirika nalo limetuzwa sana: Tuzo ya Hilton ya misaada ya kibinadamu mwaka 1999, tuzo ya afya ya dunia ya Bill na Melinda Gates mwaka 2005, na Tuzo ya Binti Mfalme wa Asturias, Hispania, mwaka 2018. Zote tatu zimetoka ng'ambo, na sioni ubaya wowote kwamba wenye mali wa Marekani na Hispania wameitambua kazi iliyozaliwa chini ya Kilimanjaro. Swali langu ni sisi tuliobebwa tumetoa nini.

Kabla ya kulijibu, tuone huduma hii inaendeshwaje, maana anayeishukuru bila kuijua huishia kushukuru rangi ya ndege. Rubani ndiye anayepigwa picha, lakini mtu ninayemvulia kofia ni muuguzi wa angani. Ndani ya ndege kama Pilatus PC-12 au Cessna Caravan hakuna nafasi ya kusimama wima. Kuna machela, mitungi ya oksijeni, mashine ya kupumulia, mashine ya kupimia moyo, na kelele. Ndege inapopanda, hewa huwa nyepesi na gesi iliyonaswa mwilini hutanuka. Mtu aliyeumia kifua, ambaye pafu lake lina upenyo mdogo tu, anaweza kuwa na nafuu pale chini na kuzidiwa ndege ikiwa juu. Kwa hiyo muuguzi na daktari humtayarisha mgonjwa kwanza, wakati mwingine kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe, huku ndugu wakishangaa kwa nini ndege hairuki. Kiwanja chenyewe mara nyingi ni changarawe au nyasi, hakina taa, na kuna ng'ombe wa kufukuzwa. Jua likizama kabla mgonjwa hajafikishwa, mara nyingi safari husubiri asubuhi.

Pesa nazo zina njia yake. Leo Amref Flying Doctors ni kampuni inayomilikiwa na shirika la Amref. Inawabeba wagonjwa wenye bima, watalii waliovunjika mifupa mbugani, wafanyakazi wa makampuni na mashirika, na inauza uanachama wa mwaka uitwao Maisha kwa yeyote anayetaka kujihakikishia ndege siku ya balaa. Ziada inarudi kwenye kazi za shirika, na zipo safari zinazofanywa kwa hisani kwa ajili ya wasioweza kulipa. Kwa hiyo mguu uliovunjika wa mtalii husaidia kumrusha mama maskini ambaye mtalii huyo hatamjua kamwe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidhani walikuwa wakifikiria bima ya safari, lakini wamepatia.

Hapa niseme jambo lisilosemwa kwenye hafla. Tunapenda sana kuwafanya watu wa ndege watakatifu. Daktari Anne Spoerry, Mfaransa aliyejiunga na madaktari hawa mwaka 1964 akiwa tayari amejifunza urubani ukubwani, aliruka na ndege yake mwenyewe hadi Lamu, Turkana na Marsabit kwa zaidi ya miaka 30. Watu wakamwita Mama Daktari, akachanja watoto wasiohesabika, akafariki mwaka 1999 akiombolezwa na pwani nzima ya kaskazini. Baadaye dunia ikasoma kwa kirefu yale aliyoyaficha maisha yake yote: kwamba alipokuwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück alituhumiwa kuwatendea ukatili wafungwa wenzake, na kwamba baada ya vita wapigania uhuru wenzake wa Ufaransa walimhukumu na kumfukuzia mbali. Chanjo alizochoma Lamu hazikupungua nguvu kwa sababu hiyo, na waliopona hawakuugua upya. Lakini tangu nisome habari zake nimeacha kuamini kwamba njia bora ya kutambua kazi ni kumchonga mtu mmoja sanamu. Nataka kuutambua mnyororo mzima: mlipaji, rubani, muuguzi, mtu wa redio, aliyefyeka kiwanja na aliyefukuza ng'ombe.

Walioendelea nao wana namna zao. Australia, ambako huduma ya daktari wa ndege ilianza mwaka 1928 katika mji mdogo wa Cloncurry, wameiweka sura ya mwanzilishi wake, mchungaji John Flynn, kwenye noti ya dola 20. Uingereza, nchi iliyo na matibabu ya umma tangu mwaka 1948, hadi leo sehemu kubwa ya helikopta zake za wagonjwa huruka kwa michango ya raia. Ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Cornwall mwaka 1987. Mwanamfalme William aliwahi kuwa rubani wa mojawapo, mashariki mwa nchi hiyo, kati ya mwaka 2015 na 2017, na mshahara akautoa sadaka. Wales wakaanzisha yao tarehe 1 Machi 2001. Helikopta hizo zinaendeshwa na bahati nasibu za kila wiki, maduka ya nguo kuukuu, na watu wanaotembea maili nyingi kwa kuchangiwa na majirani. Nilipoyajua hayo kwa mara ya kwanza niliona ajabu. Taifa tajiri hivyo, mgonjwa wake mahututi anasubiri pesa za bahati nasibu! Siku hizi sioni ajabu tena. Naona watu ambao hawaiachii serikali peke yake jambo linaloweza kumpata yeyote kesho.

Tena Wales hiyo hiyo imetufikia hadi mlangoni. Urafiki wa miaka mingi kati ya watu wa Pontypridd na watu wa Mbale, kupitia shirika la PONT, umeleta pikipiki za wagonjwa kwenye vilima vya eneo la Mbale, pikipiki zenye kitanda ubavuni, zinazopita pasipopita gari. Huko kwao wanachanga ili helikopta iruke, huku kwetu wanachanga ili pikipiki ipande mlima. Karibu na Kampala nako, kwenye kiwanja kidogo cha Kajjansi kando ya barabara ya Entebbe, ndege za MAF, shirika la kimisheni lililopo Uganda tangu mwaka 1987, zimekuwa zikiruka, zikipeleka watumishi wa afya, dawa na wakati mwingine wagonjwa kwenda na kutoka Karamoja na nchi jirani. Wengi wa marubani wa shirika hilo hawalipwi mshahara kama wa mashirika ya abiria. Riziki yao hutoka kwenye makanisa na marafiki wa huko walikotoka.

Turudi sasa mpakani. Sisi tunatambuaje? Tunaandaa hafla. Kuna hema, kuna mgeni rasmi anayechelewa, kuna hundi kubwa ya karatasi kwa ajili ya kamera, kuna fulana. Na ambulensi ikinunuliwa na mwanasiasa, sura yake huchorwa mlangoni, kubwa kuliko alama ya msalaba mwekundu, ili mgonjwa hata akizimia ajue kura yake iende wapi. Uganda tumeziona nyingi za namna hiyo. Nyingine zimekaa juu ya mawe, hazina matairi, sura ya mheshimiwa ikiendelea kutabasamu.

Wakati huo huo, mtu anayebeba wagonjwa wengi kuliko ndege na ambulensi zote kwa pamoja hatambuliwi na yeyote. Biashara ya bodaboda ilizaliwa hapa hapa mpakani, miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha watu na magunia kati ya vituo viwili vya ukaguzi. Leo ni pikipiki, na imeenea Afrika Mashariki yote. Tunamlaumu dereva wake kwa ajali, na lawama nyingine ni ya haki kabisa, maana wodi za mifupa zimejaa abiria wake. Lakini usiku wa manane ni nani mwingine anayepigiwa simu na kuja?

Mwaka 2020 tulipewa jibu kwa nguvu. Mwishoni mwa Machi, kwa ajili ya korona, serikali ya Uganda ilizuia bodaboda kubeba abiria, kisha magari binafsi nayo yakazuiwa. Aliyetaka kwenda hospitali alitakiwa kwanza kupata ruhusa ya mwakilishi wa Rais wilayani. Mama mwenye uchungu atafute ruhusa! Wengine walitembea kwa miguu usiku, na kuna waliofia njiani pamoja na watoto wao. Baada ya wiki chache ilibidi Rais mwenyewe atangaze kwamba wajawazito hawahitaji kibali. Pengo lile lilitufundisha kwamba mfumo wetu wa dharura, ule unaofanya kazi kweli, ulikuwa umesimama kwenye vijiwe vya pikipiki, na hakuna aliyekuwa ameuandika popote.

Waganda wa magharibi walilijua jambo hili zamani kuliko sisi wa mashariki. Katika vilima vya Kigezi na Ankole kuna vyama vya engozi. Engozi ni machela ya kusukwa inayobebwa mabegani. Kila kaya ni mwanachama, kila mwanamume mwenye nguvu ana zamu ya kubeba, na asiyetokea hutozwa faini. Mgonjwa akizidiwa, mlima hauna ubishi: wanaitana, wanampakia, wanapokezana hadi hospitali. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima yake ya afya haikuanza kwa kuajiri mawakala. Ilivitumia vyama hivyo hivyo, kwa sababu watu walikuwa tayari wamezoea kuchanga kabla ya kuugua. Mwanachama wa engozi na mwanachama wa Maisha wa Nairobi wamefanya jambo moja: wote wawili wamelipia leo safari ambayo wanaomba wasiihitaji.

Na sisi wa Busia na Tororo, tuna nini? Tuna vyama vya kuzikana. Hapo hatushindwi na mtu. Karibu kila kijiji kina chama chenye sufuria, viti, turubai, daftari la majina na mweka hazina anayeogopwa. Mtu akifa leo, kabla ya jua kuzama michango imekusanywa na kuni zimepasuliwa. Kwa upande wa Kenya ni hivyo hivyo, na huko kuna hata vikundi vya WhatsApp vinavyohesabu nani ametuma na nani bado. Sina neno baya juu ya kuzikana. Lakini angalia mpangilio wetu: maiti ana bajeti, mgonjwa hana. Yule ambaye pesa za mafuta zingemfikisha Mbale akiwa hai, anakosa pesa hizo usiku, na siku ya tatu kijiji hicho hicho kinatoa mara kumi ya kiasi hicho kununua ng'ombe, mchele na jeneza. Pesa zilikuwepo, isipokuwa zilichelewa kwa siku mbili.

Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba shukrani zetu kwa ndege za sadaka ni pungufu. Ndege haifiki Sikuda. Inatua mahali fulani, na kutoka kitandani hadi hapo ni kazi yetu. Rubani aliyefadhiliwa na ajuza wa Pontypridd au na mtalii wa Ujerumani ametimiza sehemu yake. Ile ya kwanza, ya kilomita 10 au 20 gizani, hakuna ajuza wa ng'ambo atakayeilipia milele, na si heshima kumngoja.

Ipo njia iliyojaribiwa, tena jirani. Tanzania ina mpango wa m-mama. Mhudumu wa afya au familia hupiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji simu huuliza dalili kwa kufuata mwongozo, kisha humtafuta dereva wa karibu. Ambulensi ikiwa mbali au haipo, anaitwa dereva wa kawaida wa kijijini mwenye gari, aliyeandikishwa na kufundishwa mapema, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama au mtoto mchanga. Mpango ulianza kidogo kidogo kanda ya ziwa kwa pesa za wafadhili, ukiwemo mfuko wa hisani wa Vodafone, na serikali ikiwa mshirika. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kwa ajili ya nchi nzima. Ninachokipenda hapo ni kwamba dereva wa teksi hakupewa cheti. Alipewa namba, mafunzo na malipo, yaani alitambuliwa kama sehemu ya hospitali.

Najua nitaambiwa: hiyo ni kazi ya serikali, kwa nini maskini achangishwe tena? Hoja ina uzito. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma mwaka 2001, na tangu hapo hata Wakenya wamekuwa wakivuka kuja kutibiwa upande huu. Lakini kufuta ada ya mlangoni hakukufuta nauli ya kuufikia mlango. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwaka 2021, na mpaka naandika haya haujawa sheria. Kenya imehamia mamlaka mpya ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024, ikiwa na mfuko wa dharura kwenye karatasi, lakini mfuko huo ni wa aliyeandikishwa Kenya. Mteso wa Sikuda na binamu yake wa Teso upande wa pili wana babu mmoja, lugha moja na soko moja, ila wana bima tofauti, au mmoja anayo na mwingine hana kabisa. Kwa hiyo ndiyo, tuidai serikali, tena serikali zote mbili. Lakini anayedai huku akiwa na daftari la wanachama, madereva walioandikishwa na hesabu ya safari zilizofanyika, husikilizwa tofauti na anayedai kwa kulia.

Mpaka wenyewe nao unastahili aya yake. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 na marais Museveni na Kenyatta ili malori yapite haraka. Januari 2022, kwa sababu ya vipimo vya korona, foleni ya malori kuelekea Malaba na Busia ilinyooka kwa makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Dereva wa ambulensi aliyekwama kwenye foleni kama ile ndiye ajuaye thamani ya mbawa. Kutoka Tororo hadi Nairobi kwa njia ya anga ni chini ya kilomita 400, safari isiyofika saa moja kwa ndege kama PC-12. Lakini ndege inayovuka mpaka huhitaji kibali, na mgonjwa anayevuka huhitaji karatasi. Tumeweka utaratibu wa kulipitisha kontena la mafuta ya kupikia likiwa limefungwa lakiri tangu Mombasa hadi Kigali. Itashindikanaje kuweka utaratibu wa kumpitisha binadamu anayevuja damu, kwa simu moja kati ya ofisa wa huku na wa kule?

Tororo kuna uwanja mdogo wa ndege, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, usio na safari za abiria za kila siku. Uwanja kama huo hauhitaji jumba la marumaru ili kuokoa mtu. Unahitaji nyasi fupi, uzio usiopitisha mbuzi, kitambaa cha kuonyesha upepo kwenye mlingoti, na mtu mmoja mwenye simu ambaye namba yake iko Wilson, Kajjansi na Entebbe. Vilevile unahitaji hospitali za Tororo, Masafu na Busia zote mbili zijue ni mgonjwa wa aina gani wa kupelekwa kwa ndege na yupi wa kutopelekwa. Niwe mkweli: wengi wa wagonjwa wetu si wa ndege. Mtoto mwenye malaria kali anahitaji damu iliyopo karibu, na mama aliyekwama anahitaji chumba cha upasuaji chenye umeme na daktari aliyelala hapo hapo. Ndege ni ya wachache walioshindikana: aliyeungua mwili mzima, aliyevunjika uti wa mgongo, mtoto mchanga mwenye kasoro ya moyo. Anayewaambia watu wa Sikuda kwamba ndege itamaliza matatizo yao anawadanganya. Lakini wachache hao wapo kila mwaka, na kwao hakuna gari linalotosha.

Kwa hiyo nina ombi, na ninalielekeza kwa makundi matatu. Wenyeviti wa vijiji na wa vyama vya kuzikana vya Sikuda, Busitema na tarafa za Tororo: gaweni sehemu ya kila mchango wa mwezi iwe ya mgonjwa, iandikwe kwenye daftari lake, na isiguswe kwa msiba. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda: chagueni kati yenu walio makini, wasiokunywa, wenye pikipiki zenye taa, muwapeleke kwa wahudumu wa afya wajifunze kumbeba aliyevunjika bila kumvunja zaidi, na namba zao zibandikwe kwenye ukuta wa kila kituo cha afya. Na madiwani wa wilaya za Busia na Tororo, pamoja na wenzenu wa kaunti ya Busia ng'ambo ya pili: mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza tarehe 1 Julai, na mabishano ya bajeti hufanyika miezi mingi kabla. Ingizeni humo mafuta ya ambulensi, ufyekaji wa kiwanja cha Tororo, na namba moja ya dharura inayopokelewa pande zote mbili za mpaka. Fulana na hundi za karatasi mnaweza kuziacha.